Ofisi ndogo haihitaji seva inayonguruma

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuliorudi kutoka ukimbizini hatuhitaji kufafanuliwa methali hiyo. Mwaka 1993, nikiwa mtoto wa miaka kumi, tulivuka mpaka kuingia Kigoma na karatasi za nyumbani zikabaki nyumbani. Nilisomea kambini. Niliporudi Burundi mwaka 2008 niliwakuta wenzangu wengi wakiulizwa vyeti na karatasi za mashamba ambazo hawakuwa nazo. Ndiyo maana leo, ingawa mimi ni mwalimu tu, nauingilia mjadala ambao wengi watauona ni wa mafundi: tununue kompyuta ya namna gani kwa ajili ya kutunzia mafaili ya ofisi, yaani seva?

Mjadala wenyewe umezuka katika chama chetu cha wafanyabiashara wa mpakani, ambamo mimi ni katibu. Ofisi yetu ni chumba kimoja chenye kompyuta nne. Tunatunza majina ya wanachama, hesabu za mikopo na nakala za vile vyeti rahisi vya asili ya bidhaa ambavyo Jumuiya ya Afrika Mashariki imeviweka kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Hadi sasa kila mmoja hubeba mafaili yake kwenye flashi mfukoni. Hivi karibuni flashi moja ilikufa na hesabu za msimu mzima wa maharage.

Tukakubaliana kununua seva. Akatokea muuzaji na seva kubwa ya chuma iliyokwisha kutumika ng'ambo, kwa bei ya chini. Mzee wetu mwenyekiti akaipenda papo hapo. Mimi nikapinga, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza ni umeme. Mashine ya aina ile yaweza kula wati 150 hata kama hakuna anayeitumia. Kwa saa 24 hizo ni yuniti 3.6, na kwa mwezi ni yuniti 108. Lakini zipo kompyuta ndogo za ofisini, zenye ukubwa wa kitabu kinene, kama Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini au Lenovo ThinkCentre Tiny. Hizi zikitulia hula wati 10 hivi, yaani yuniti 7 na kidogo kwa mwezi. Bei ya chini ya ile kubwa tutailipa upya kila mwezi kwenye umeme.

Pili ni kelele. Seva zile zilitengenezwa kuwekwa katika vyumba maalumu vyenye viyoyozi, ambamo hakuna mtu anayeketi. Feni zake ni ndogo na huzunguka kwa kasi kubwa. Mama anayekuja kutueleza deni lake kwa sauti ya chini, je, apige kelele hadi wa nje wamsikie?

Tatu ni nguvu tusiyoihitaji. Waya wa mtandao wa gigabiti moja hupitisha megabaiti kama 110 kwa sekunde, na diski moja ya kawaida huweza kuujaza au kuukaribia. Kuongeza prosesa hakutaleta faili mezani haraka zaidi. Kumbukumbu ya gigabaiti 8 inatutosha. Ukurasa mmoja uliopigwa skani ukiwa nusu megabaiti, diski ya terabaiti moja itabeba kurasa milioni mbili. Chama chetu kitazimaliza lini?

Mwenyekiti ana hoja moja nzito: seva kubwa ina nafasi ya diski nyingi, na ina vifaa viwili vya kuipa umeme, kimoja kikiharibika kingine kinaendelea. Kwa benki au hospitali, sawa. Kwetu vyote viwili vitachomekwa kwenye ukuta mmoja, na umeme ukikatika vitazimika pamoja.

Wakati huu ni mzuri kwa mnunuzi mdogo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliki kwenye Windows 11. Ofisi za Ulaya na Marekani zinaziuza au kuzitupa, hali bado ni nzima. Kwa kazi ya seva tutaziwekea Debian au OpenMediaVault, programu ambazo hazilipiwi leseni.

Tuchague yenye nafasi ya diski mbili, na diski ziwe za SSD, zisizo na kitu kinachozunguka. Hazina sauti. Zote mbili ziandikwe kitu kilekile, ili moja ikifa nyingine ibaki. Mashine iwe ya mtumba, lakini diski ziwe mpya. Ukilazimika kununua diski iliyotumika, mwambie fundi akusomee saa ilizofanya kazi. Mwaka una saa 8,760, hivyo diski yenye saa 40,000 imetumika zaidi ya miaka minne na nusu. Jihadhari pia na diski na flashi za uongo, zilizoandikwa terabaiti mbili na ndani hakuna kitu. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza diski kisha huisoma tena. Ijaribu kabla hujamwachia muuzaji fedha zote.

Fedha zitakazobaki zinunue UPS, lile boksi la betri. Ikiwa nzima, yaweza kuishikilia kompyuta ya wati 10 kwa saa moja au zaidi.

Ndugu msomaji, hata hivyo diski mbili ndani ya boksi moja si akiba. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, linafutika kote. Mwizi akija, anabeba zote. Kwa hiyo tununue diski ya tatu ya nje, ifungwe kwa nywila kwa sababu ina madeni ya watu, inakiliwe kila Ijumaa, na ilale nyumbani kwa mwanachama mwingine, mbali na ofisi. Nikiambiwa nichague kati ya mashine nzuri na diski hiyo ya tatu, nitachagua diski.

Wajumbe wa kamati watapiga kura katika kikao kijacho. Nawaomba wakumbuke kwamba mashine ikiharibika tutapata nyingine sokoni, lakini hesabu za mama aliyelipa mkopo wake miaka mitatu haziuzwi popote. Baba yangu alibeba godoro akaacha karatasi. Sisi tusirudie kosa hilo.