Kudisko bila kosa

Najua nimepotea siku nyingi, nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Leo nimerudi na hasira, mnivumilie.

Hapa chuoni sote tunaogopa kudisko. Sasa mimi nimedisko Kariakoo, tena bila kosa. Juzi Jumamosi nilikuwa kwenye kafe moja ya intaneti Mtaa wa Aggrey, nacheza ule mchezo wangu wa ukifa-umekufa: mhusika wako akiuawa anafutwa kabisa, unaanza upya. Wangu nilimlea miezi minne, na bumu limeishia humo (msimwambie mama). Niko katikati ya pambano, tena nashinda, mara paap! Umeme. Jenereta zikaanza kunguruma mtaa mzima. Mpaka ruta inawaka tena, mtu wangu ni marehemu. Nikawaandikia wenye mchezo, wakajibu: pole, matatizo ya mtandao ni juu yako mwenyewe.

Yaani jamani!

Nakubali sheria ina sababu yake. Kama kukatika kungekuwa kunaokoa, kila mwoga angechomoa waya akiona kifo kinakuja. Ndiyo maana seva nyingi humwacha mhusika wako amesimama palepale kwa muda hata ukishapotea. Kwa hiyo sidai kila aliyekatika afufuliwe.

Ninachokataa ni kuchagua marehemu. Machi 2025, seva za World of Warcraft Classic, lile toleo la Hardcore lililofunguliwa Agosti 2023, zilishambuliwa makusudi wakati kundi la OnlyFangs, lenye mastaa wanaorusha michezo yao mtandaoni, likiwa vitani. Wahusika wakafa. Blizzard, ambao kanuni yao ilikuwa kutofufua mtu, wakatangaza kuwafufua waliokufa kwa mashambulizi yale, kwa hoja kwamba ile ilikuwa hujuma. Safi, walifanya vizuri. Lakini aliyekatwa na hujuma na aliyekatwa na waya wa baharini wana tofauti gani? Wote wawili hawakuwa na usukani mkononi.

Kumbukeni Jumapili ile ya 12 Mei 2024. Nyaya za EASSy na Seacom zilipata hitilafu chini ya bahari, na Tanzania tukawa miongoni mwa walioumia zaidi. Kuna mtu atasema Watanzania tulikubaliana kuchomoa waya kwa pamoja ili tusife mchezoni? Watu wa eneo moja wakipotea kwa mkupuo, huo si ujanja, na seva yenyewe ndiyo shahidi.

Sisi tunaosomea ualimu tunalijua hili. Umeme ukikatika ukumbi wa mtihani, msimamizi hawapi watu sifuri, anafidia muda. Aliyeugua akaleta cheti cha daktari anapewa mtihani maalum. Aliyekutwa na karatasi mfukoni ndiye anayeadhibiwa. Tunaadhibu kosa, hatuadhibu bahati mbaya.

Basi iwe hivi. Wakikatika wengi wa eneo moja kwa pamoja, warudishwe walipokuwa. Akikatika mmoja peke yake, afanyiwe kama Diablo IV ya 2023: kuna hati ya kukimbilia ambayo kwenye Hardcore hujitumia yenyewe ukikatika, inakutoa hatarini. Mwoga akichomoa waya, hati yake imekwenda. Mwenye bahati mbaya naye imekwenda, ila yuko hai. Hakuna haja ya kumpigia mtu magoti.

Mtasema ni mchezo tu. Sawa. Lakini kesho tutasahihisha mitihani ya watoto wa watu, na sheria isiyotofautisha mwizi na aliyeibiwa sitaki kuizoea hata kwenye mchezo. Hii yetu inaonekana imeandikwa na mtu ambaye kwake umeme haukatiki.

Nawasilisha. Mwenye hoja tofauti aje tubishane, mimi naanza upya ngazi ya kwanza.