‘Vijana wa Kenya’ wanaosemwa kwenye utafiti ni akina nani?

Umeisikia mara ngapi? Uko ndani ya matatu, redio iko juu, mtangazaji anasema utafiti umeonyesha vijana wa Kenya wana msongo wa mawazo, hawana subira, wanapenda pesa za haraka. Abiria wanatikisa vichwa. Lakini kuna swali ambalo hakuna anayeliuliza: vijana gani hao? Walipatikana wapi, na nani aliwachagua?

Usidhani ni swali la maprofesa tu. Matokeo kama hayo ndiyo husaidia kuamua huduma za ushauri ziwekwe wapi, wafadhili watoe pesa kwa nini na serikali iseme vijana wanahitaji nini. Kama wewe na watu wa mtaa wako hamkuulizwa, basi kuna mtu alijibu kwa niaba yenu.

Tatizo hili halikuanzia hapa kwetu. Mwaka wa 2008, mwanasaikolojia Mmarekani Jeffrey Arnett alichapisha hesabu aliyofanya kwenye majarida makubwa ya saikolojia ya nchi yake. Asilimia 96 ya walioshiriki utafiti walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda, ilhali nchi hizo zina asilimia 12 tu ya watu duniani. Miaka miwili baadaye, Joseph Henrich na wenzake wawili wa chuo kikuu cha British Columbia, Canada, walionyesha kwamba watu hao mara nyingi ndio walio tofauti na binadamu wengine. Hata hivyo, vitabu viliwatumia kueleza “akili ya binadamu” kwa jumla.

Ilikuwaje? Jibu ni urahisi. Mhadhiri anataka watu 100, na wanafunzi wako hapo hapo darasani. Katika vyuo vingi vya Marekani, mwanafunzi wa saikolojia hupata alama kidogo akishiriki. Hiyo ndiyo huitwa sampuli ya urahisi: unachukua aliye karibu.

Ni kama kuonja githeri kwa kijiko cha juu juu bila kukoroga sufuria. Ukipata mahindi matupu, utaapa hakuna maharagwe.

Chukua lile jaribio maarufu la peremende. Walter Mischel wa chuo kikuu cha Stanford alimpa mtoto chaguo: kula moja sasa, au subiri upate mbili. Waliosubiri walipofuatiliwa miaka ya baadaye, ilionekana wamefanya vizuri shuleni. Dunia ikaimba: subira ndiyo siri ya mafanikio! Lakini watoto hao walitoka shule ya chekechea ya chuo hicho hicho, wengi wakiwa wa familia za wasomi. Mwaka wa 2018 watafiti wengine walichapisha matokeo ya watoto zaidi ya 900 wa Marekani, wengi wao wakiwa na mama wasio na digrii. Uhusiano ule ulipungua sana, hasa walipozingatia hali ya nyumbani. Fikiria mwenyewe. Mtoto anayejua chakula cha kesho si hakika akila leo, hajakosa nidhamu. Amepiga hesabu.

Sasa rudi Kenya. Hapa pia njia ya mkato ipo: fomu ya mtandaoni inarushwa kwenye grupu ya WhatsApp ya darasa, kwa Kiingereza, na lazima uwe na bando. Jibu likija, kichwa kinaandikwa “vijana”. Msee wa boda hayumo. Dada anayeuza mitumba Gikomba hayumo. Wa mjengo hayumo. Mimi niliyeacha chuo simo, kwa sababu siku nilipotoka kwenye grupu ya darasa nilitoka pia kwenye orodha ya “vijana” wanaoulizwa.

Upande wa pili kuna mitaa kama Kibera, ambako watafiti hawakauki. Kuna mashirika tayari na kuna wahamasishaji wenye namba za watu, na simu zinaweza kuendea wale wale kila mara. Posho nayo huchagua watu. Mwaka wa 2023 Worldcoin ilipokuwa ikitoa karibu Sh7,000 kwa anayekubali kupigwa picha ya mboni za macho, foleni ya KICC ilikuwa ndefu ajabu. Haukuwa utafiti wa saikolojia, lakini funzo ni lile lile: ukiweka doo mezani, utapata kwanza wale wanaoihitaji leo.

Inawezekana kufanya vizuri zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana balehe, uliotolewa mwaka wa 2022 na kituo cha APHRC cha Nairobi na washirika wake, ulienda nyumba kwa nyumba na kuhoji zaidi ya vijana 5,000. Ulipata kwamba zaidi ya wanne kati ya kumi walikuwa na tatizo la afya ya akili. Takwimu hiyo ina uzito kwa sababu hawakungoja watu wabonyeze linki. Lakini ulihusu umri wa miaka 10 hadi 17. Ukiwa na 23 na unatafuta kazi, hausemi lolote juu yako. Na njia ya nyumba kwa nyumba humkosa anayelala barabarani.

Tusiwe wakali kupita kiasi pia. Kura ya haki hula pesa na muda, na kuna watu, kama watumiaji wa dawa za kulevya, ambao utawafikia tu mmoja akikuelekeza kwa mwenzake. Hakuna ubaya. Ubaya ni kuhoji darasa moja kisha kutangaza umehoji taifa.

Kwa hivyo ukisikia “utafiti umeonyesha”, uliza: ni watu wangapi, wa wapi, walipatikanaje, na nani aliachwa nje? Na mtafiti akibisha kwako, muulize leseni ya NACOSTI, muulize majibu yako yataenda wapi, na ujue unaweza kukataa au kuacha katikati. Ukiridhika, jibu. Usipohesabiwa, bado kuna mtu ataandika kitabu kuhusu akili yako.