Nyumba Kuukuu Si Gofu

Katika kata ya Mtinko, kaskazini ya mji wa Singida, mkulima aliyeuza alizeti yake akabakiwa na fedha kidogo hukabiliwa na swali zito: je, aikarabati nyumba ya tembe aliyoachiwa na wazazi wake, au aiache ibomoke, ajenge mpya ya matofali ya kuchoma na bati? Fedha hizo zatosha jambo moja tu. Akikosea, huenda akakaa miaka mingi akizitazama kuta zisizo na paa, huku ile ya zamani imekwisha anguka.

Msomaji wa Unguja au Pemba aweza kuuliza, Mtinko kwamhusu nini? Kwamhusu sana. Naye akirithi nyumba katika Mji Mkongwe, swali ni hilo hilo: tuitengeneze, au tuiuze tukanunue fleti mpya nje ya mji? Udongo wa Singida na matumbawe ya pwani si kitu kimoja, lakini uamuzi ni mmoja, na makosa yanayofanywa ni yale yale.

Kosa la kwanza ni kuihukumu nyumba kwa umri wake. Aghalabu nyumba haifi kwa uzee. Hufa kwa maji. Paa la tembe ni udongo uliotandazwa juu ya miti, nalo hubebwa na nguzo. Lisipokandikwa upya kabla ya masika, hupitisha maji. Nguzo zikaoza, na mchwa wakamaliza kazi. Nguzo zikiwa nzima, nyumba hiyo yafaa kutengenezwa. Zikiwa zimeoza, hakuna kukandika kutakakoiokoa. Kadhalika nyumba ya Mji Mkongwe: maji yakipenya darini, boriti za mikoko huoza na kuta hukosa kitu cha kuzishikanisha. Fundi asiyejua akipiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa, huufungia unyevu ndani, na ukuta huharibika huku ukionekana mpya. Kwa hiyo gharama ya kwanza isiwe mfuko wa saruji. Iwe ujira wa fundi mwaminifu wa kuchunguza nguzo, boriti na msingi.

Tunao ushahidi mchungu. Jumba la Maajabu la Forodhani, lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba, 2020, likiwa katika matengenezo, na watu 2 wakapoteza maisha. Mji Mkongwe ulikuwa umekwisha ingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Ni dhahiri kwamba sifa pekee haishikilii ukuta, na kwamba jengo lililokwisha dhoofika ni la hatari hata kwa wale wanaokuja kuliponya.

Kosa la pili ni kuihesabu nyumba mpya kwa gharama ya siku ya kwanza tu. Matofali ya kuchoma hula kuni nyingi katika mkoa ambao ni mkavu tayari. Fleti ina michango ya utunzaji, na nauli ya kila siku kwa aliyezoea kwenda dukani kwa miguu. Zaidi ya hayo, upya haudumu. Majumba ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, yalikuwa fahari ya makazi mapya. Leo nayo yana umri wa kudai matengenezo.

Hata hivyo haki itendeke. Bati hukinga maji ya mvua, neema kubwa huko Singida. Papasi wanaojificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo huleta homa, wala hatumtaki mtu alale na papasi kwa heshima ya mababu. Lakini sakafu ngumu na madirisha mapana vyaweza kutiwa katika nyumba ya zamani, na mara nyingi kwa fedha pungufu kuliko za kuanza upya.

Kosa la tatu ni la wakubwa. Tangu Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, wananchi walipohamishwa na kuyaacha makazi yao ya zamani, imebaki fikra kwamba maendeleo ni kubomoa. Nyumba mpya hufunguliwa kwa hotuba. Paa lililozibwa halina mgeni rasmi. Sote twakariri tangu utotoni kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Je, kasma ya kuziba ufa i wapi?

Twawaomba viongozi wa halmashauri wahakikishe kwamba mwananchi wa kata kama Mtinko anaweza kupata fundi wa kumkagulia nyumba kabla hajatumia akiba yake. Mikopo midogo ya ukarabati itambue hati za hakimiliki ya kimila zinazotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Vyuo vya ufundi vifundishe kazi ya chokaa na ya udongo, maana wazee wanaoijua hawatangoja.

Nanyi ndugu zetu wa Visiwani, Mamlaka ya Mji Mkongwe iliyoundwa mwaka 1985 haiwezi kuwapatanisha ninyi kwa ninyi. Nyumba yenye warithi kumi ina wenyewe kumi wa kugawana kodi, na mara nyingi haina hata mmoja wa kuziba dari. Tengeni kwanza fungu la matengenezo, ndipo mgawane kilichobaki. Na ikiwa fundi amekagua akasema nyumba haiponi, basi iacheni bila majuto, mjenge. Lakini asiwepo mtu wa kuibomoa nyumba nzima kwa kuwa tu ni kuukuu.