Mashine Isiyo ya Nchi Moja

Oktoba 1993 Bunge la Marekani lilikata fedha za mashine kubwa ya kugonganisha protoni iliyokuwa ikijengwa Waxahachie, Texas. Takriban dola bilioni 2 zilikwisha kutumika, na handaki lilikuwa limechimbwa zaidi ya kilomita 20. Sababu zilitajwa nyingi: makadirio yalikuwa yamepanda kupindukia, Vita Baridi imekwisha, wabunge wanabana matumizi. Mimi naiweka moja mbele ya zote. Mradi ule ulibuniwa kuwa wa Marekani, na wabia wa nje wakatafutwa baadaye, mpango ukiwa umekwisha kupitishwa, wasaidie gharama. Siku ya kura, waliokuwa na cha kupoteza nje ya Marekani walikuwa wachache mno.

Mpakani mwa Uswisi na Ufaransa walikwenda njia nyingine. CERN, maabara ya fizikia ya chembe, ilianzishwa mwaka 1954 na nchi 12 za Ulaya, nyingine zikiwa zimepigana vita miaka tisa tu kabla. Leo handaki lake la kugonganisha protoni lina mzunguko wa kilomita 27, na vitambuzi vinavyonasa chembe humo vimejengwa kwa michango ya kazi. Chukua kitambuzi cha CMS. Miguu ya chuma inayobeba sehemu ya uzito wake ilitengenezwa Pakistan. Sehemu ya shaba ya manjano iliyo ndani yake ilitokana na maganda ya makombora ya zamani ya jeshi la majini la Urusi, yakayeyushwa. Aliyetengeneza kipande hubaki kukitunza, wanafunzi wake huchambua takwimu, na wizara yake huona uchungu wa kujitoa. Marekani yenyewe ilitia saini mwaka 1997 kuichangia mashine hiyo ya CERN dola milioni 531.

Umoja huu hauna kinga dhidi ya siasa. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine, mkataba wa CERN na Urusi uliachwa ufikie kikomo Novemba 2024, na kazi walizoahidi Warusi zikabidi zibebwe na wengine.

Sasa sisi. Morocco imo katika jaribio la ATLAS, kitambuzi kingine cha CERN, tangu 1996. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, wanatengeneza vifaa vya umeme vya kitambuzi hicho hicho. Mwaka 2016 Kigali ilipokea Shule ya Afrika ya Fizikia, na vijana wa ukanda wetu wa Afrika Mashariki walisoma pale. Kusoma pekee hakutoshi. Kijana aliyepata ufadhili wa kusoma ng'ambo huhitimu akaajiriwa huko huko, kwa sababu nyumbani hakuna kipande chochote cha kushika.

Kwa hiyo, msomaji, pitia makala za toleo hili ukitafuta kazi tunayoiweza: mbao za saketi, programu, chumba cha kompyuta cha kuungana na vituo vipatavyo 170 vinavyochakata takwimu za CERN duniani. Tume za sayansi za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zichague kazi moja kwa pamoja, ziikabidhi vyuo vya uhandisi, na ziilipie miaka kumi bila kukatisha.