Wanaoingoja Kiyama Wakiwa Ikulu: Tumuogope Nani Hasa?

Wadau, leo naomba tuongelee jambo ambalo huwa tunalisema kwa kunong'ona, maana likitajwa tu watu wanakuwa wakali: imani za mwisho wa dunia na siasa za vita. Tuvumiliane jamani. Hapa sibishani na dini ya mtu. Nabishana na siasa.

Nianze na ujumbe mmoja wa simu. Juni 2025 Israel na Iran zilikuwa vitani, baada ya Israel kuanza kupiga tarehe 13. Tarehe 17, Rais Donald Trump aliweka hadharani ujumbe aliotumiwa na balozi wake nchini Israel, Mike Huckabee. Huyu bwana ni mchungaji wa Kibaptisti na aliwahi kuwa gavana wa Arkansas. Alimwambia bosi wake kwamba Mungu ndiye aliyemnusuru na risasi kule Butler, Pennsylvania, mwaka 2024. Akasema tangu Truman mwaka 1945 hakuna rais aliyejikuta katika nafasi kama hiyo, na kwamba anaamini ataisikia sauti kutoka mbinguni. Sasa kumbukeni Truman alifanya nini mwaka 1945: Hiroshima na Nagasaki. Siku 5 baada ya ujumbe ule kuwekwa hadharani, ndege za Marekani zikapiga mitambo ya nyuklia ya Fordow, Natanz na Isfahan.

Sisemi kwamba ujumbe ule ndio uliorusha ndege. Huckabee mwenyewe aliandika kwamba hakuwa anamshawishi rais, alikuwa anamtia moyo tu. Na vita ile ilikuwa na sababu zake nyingi za kidunia. Lakini swali linabaki. Hivi mtu anayeamini kwamba vita ya Mashariki ya Kati imeandikwa tangu zamani, akikaa karibu na kitufe, tunalala usingizi kweli?

Jibu langu linaweza kuwashangaza baadhi yenu. Nadhani tumekuwa tukimtazama mtu asiyestahili. Tunauliza rais anaamini nini, wakati swali zito zaidi ni rais anamuogopa nani siku ya kura.

Kwanza tuielewe imani yenyewe. Wakristo wengi duniani wanaamini Yesu atarudi, na Waislamu pia wanaamini Nabii Issa atashuka. Hilo halina mgogoro. Ninayoizungumzia ni ratiba maalumu, iliyopangwa na mhubiri wa Uingereza na Ireland aitwaye John Nelson Darby katika karne ya 19, kisha ikaenea Marekani kupitia Biblia yenye maelezo ya Scofield iliyotoka mwaka 1909. Ratiba inakwenda hivi: Wayahudi wanarudi nchini mwao, waumini wa kweli wananyakuliwa, dunia inapita kwenye dhiki ya miaka 7, hekalu linasimama tena Yerusalemu, halafu inakuja vita ya Har-Magedoni, ndipo Kristo anarudi. Kwa watu wa ratiba hii, kuundwa kwa Israel mwaka 1948 ilikuwa kengele. Israel kuutwaa mji wa kale wa Yerusalemu mwaka 1967 ilikuwa kengele ya pili.

Mwaka 1970 Hal Lindsey alitoa kitabu The Late Great Planet Earth kilichouza mamilioni ya nakala. Alidokeza kwamba mambo yangetimia ndani ya kizazi kimoja, yaani miaka 40 hivi, kuanzia 1948. Mwaka 1988 ukapita. Adui mkuu wa kaskazini alikuwa Urusi ya Kisovieti, nayo ikasambaratika mwaka 1991. Je, watu waliiacha ratiba? Wapi! Walibadilisha majina ya maadui tu. Ilikuja zamu ya Iraki ya Saddam, na baadaye zamu ya Iran. Riwaya za Left Behind, zilizoanza kutoka mwaka 1995, ziliuza zaidi ya nakala milioni 60. Hao ni wasomaji, na wasomaji hao wanapiga kura.

Sasa tuwalinganishe marais wawili.

Ronald Reagan aliichukulia imani hii kwa uzito. James Mills, aliyekuwa kiongozi wa Seneti ya California, alisimulia kwamba mwaka 1971 wakiwa mezani Reagan alimweleza jinsi unabii wa Ezekieli kuhusu Gogu unavyoihusu Urusi, na jinsi dalili zilivyokuwa zinakamilika. Kwenye mdahalo wa Oktoba 1984 aliulizwa waziwazi kuhusu Har-Magedoni. Akajibu kwamba ameongea na wanatheolojia, ila hakuna ajuaye kama ni miaka elfu moja ijayo au keshokutwa, na kwamba hajawahi kupanga mambo ya nchi kwa kufuata hayo. Watu wengi waliogopa. Mzee mwenye imani hiyo ameshika maelfu ya vichwa vya nyuklia!

Lakini tazama alichofanya. Oktoba 1983 alitazama filamu ya The Day After, inayoonyesha mji wa Kansas ukiteketea kwa nyuklia, akaandika kwenye shajara yake kwamba imemhuzunisha sana. Januari 1984 alilihutubia Bunge akisema vita ya nyuklia haina mshindi na haipaswi kupiganwa kamwe. Na Desemba 1987 akakaa na Gorbachev, kiongozi wa hiyo hiyo nchi ya "Gogu", wakasaini mkataba uliofuta makombora ya masafa ya kati. Hadi mwaka 1991 makombora 2,692 yalikuwa yameharibiwa. Huyo ndiye muumini.

Sasa njoo kwa Trump. Sijawahi kusikia mtu akimtuhumu kuwa anakesha na kitabu cha Ezekieli. Lakini tarehe 14 Mei 2018 ubalozi wa Marekani ulipofunguliwa Yerusalemu, sala ya mwanzo aliiongoza Robert Jeffress na ya mwisho John Hagee, mchungaji wa Texas aliyeanzisha Christians United for Israel mwaka 2006. Siku hiyo hiyo, Wapalestina wapatao 60 waliuawa kwenye mpaka wa Gaza. Agosti 2020, akiwa kwenye kampeni huko Wisconsin, Trump mwenyewe akasema wazi kuwa kuhamishia mji mkuu wa Israel Yerusalemu ilikuwa kwa ajili ya wainjili, wale ambao huku kwetu tungewaita walokole.

Mmeona? Muumini alipunguza makombora. Asiyejulikana kwa kuamini ratiba akawatimizia wenye ratiba ombi lao, tena akatangaza kwamba ni kwa ajili yao. Ndiyo maana nasema kumpima kiongozi kwa imani ya moyoni ni kupoteza muda, maana moyo wa mtu ni kichaka. Kura zinahesabika.

Hii hali haiko upande mmoja tu. Septemba 2005 Mahmoud Ahmadinejad alisimama Umoja wa Mataifa akamwomba Mungu aharakishe ujio wa Mahdi. Magharibi wakapiga yowe kwamba huyu anataka kuleta Kiyama kwa bomu. Lakini kwa katiba ya Iran amri ya jeshi haikuwa mikononi mwa rais, na baadhi ya maulamaa wa Iran walimkemea kwa kujifanya msemaji wa Imamu aliyefichika. Kelele zilikuwa nyingi kuliko nguvu aliyokuwa nayo.

Waliokuwa na nguvu na ratiba kwa pamoja ni Daesh, yaani Dola la Kiislamu. Mwaka 2014 waliliita jarida lao Dabiq, jina la mji mdogo kaskazini mwa Syria unaotajwa katika hadithi kuhusu vita kubwa na Warumi. Kijeshi mji ule haukuwa na thamani kubwa, lakini waliutumia kuwavuta vijana kutoka nchi kibao. Oktoba 2016 waasi wanaoungwa mkono na Uturuki wakauchukua bila vita kubwa iliyotabiriwa. Je, Daesh walitubu? Tayari walikuwa wameanza jarida jingine lenye jina la Rumiyah, yaani Roma. Kama Lindsey tu. Ratiba ikifeli, unahamisha kituo.

Lakini kama kuna mahali ambapo ratiba zote hizi zinagongana, ni uwanja ule mmoja wa Yerusalemu wenye Msikiti wa Al-Aqsa na Kuba ya Mwamba, ambao Wayahudi wanauita Mlima wa Hekalu. Tarehe 21 Agosti 1969 Mkristo mmoja kutoka Australia, Denis Michael Rohan, aliuchoma moto Al-Aqsa akiamini anafungua njia ya hekalu na ya kurudi kwa Yesu. Mimbari ya kale iliyohusishwa na Salahuddin ikateketea. Mwaka 1984 Israel iliwakamata Wayahudi wa kundi la siri ambao, pamoja na mashambulizi mengine, walikuwa wamepanga kuilipua Kuba ya Mwamba, baadhi yao wakitumaini kuuharakisha ukombozi. Na Septemba 2022 mitamba 5 myekundu ililetwa Israel kutoka Texas, kwa sababu kitabu cha Hesabu sura ya 19 kinaitaka ng'ombe wa namna hiyo kwa utakaso. Mtu anaweza kucheka. Lakini Januari 2024 msemaji wa kijeshi wa Hamas aliwataja ng'ombe hao alipokuwa akieleza sababu za vita yao. Unabii wa huyu unageuka kuwa sababu ya vita ya yule.

Na kama kuna anayedhani hayo ni ya mbali, moto wa Rohan ulifika mpaka kwetu. Ule moto ndio uliowakusanya viongozi wa nchi za Kiislamu kule Rabat Septemba 1969, na hapo ndipo ilipozaliwa OIC. Zanzibar ikajiunga na OIC, ikalazimika kujitoa mwaka 1993, na zogo lile lilikuwa moja ya mambo yaliyochochea wabunge 55 kudai serikali ya Tanganyika. Mtu mmoja na kiberiti Yerusalemu, miaka 24 baadaye Muungano unatikisika Dodoma. Hakudhamiria hivyo, na wala sidhani kama aliwahi kulisikia jina la Dodoma.

Ubaya wa siasa za ratiba ninauona sehemu tatu.

La kwanza, mazungumzo yanageuka dhambi. Mwaka 2005 Ariel Sharon, ambaye hakuna aliyeweza kumwita laini, aliondoa walowezi Gaza. Januari 2006 akapata kiharusi, na mhubiri Pat Robertson wa Marekani akadokeza kwamba ni adhabu kwa kuigawa nchi ya Mungu. Baadaye aliomba radhi. Lakini ujumbe ulishafika: ukigawa ardhi, Mungu anakupiga. Hapo mwanasiasa gani atathubutu kukaa mezani?

La pili, watu wa pale wanakuwa vipande vya bao. Katika ratiba ya Darby hata Wayahudi wanaopendwa sana leo wanaishia wengi wao kuuawa na waliobaki kuukubali Ukristo. Wapalestina ndio kabisa, hawana hata mstari. Na kati yao wamo Wakristo. Agosti 2006 viongozi wa makanisa ya Yerusalemu, akiwemo Patriaki wa Kikatoliki Michel Sabbah, walitoa tamko la kuyakataa mafundisho hayo. Ni wangapi kati yetu tulilisikia tamko hilo kanisani?

La tatu, na ndilo kubwa, kesho inafutwa. Kiongozi wa kawaida anajua atakuja kuulizwa. Akiharibu, wajukuu watauliza. Lakini ukishaamini hakuna wajukuu, utaogopa swali gani?

Haya tumeyaona kwa macho yetu. Kanungu, Uganda, Machi 2000, mamia ya waumini waliteketea ndani ya jengo lililofungwa. Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni, ya watu walioambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu kabla ya mwisho. Yule mhubiri alikuwa na msitu tu na waumini wake. Fikiria mwenye jeshi la anga.

Kwa hiyo tufanyeje? Tusiombe viongozi wasio na dini, maana Stalin hakuwa nayo na hakumwonea mtu huruma. Na vitabu vyenyewe vimeshatusaidia: Mathayo sura ya 24 na Kurani sura ya Al-A'raf vyote vinasema saa hiyo anaijua Mungu peke yake. Anayejitangaza kuwa na kalenda amewakosea wote wawili, mpiga kura na Muumba.

Ila tuwaangalie wanaomzunguka kiongozi, na tuangalie kura anazozitafuta. Na sisi tujiangalie. Kila uchaguzi ukikaribia hapa kwetu wagombea wanapiga magoti mbele ya manabii, nasi tunapiga makofi bila kuuliza nabii kaahidiwa nini. Huckabee hakuanzia ubalozini. Alianzia mimbarini, halafu watu wakampigia kura.

Mnasemaje wadau? Reagan aliokolewa na hofu ya filamu, au ile imani yenyewe haikuwa na nguvu tunayodhani? Karibuni tujadili. Hoja kwa hoja, matusi hapana.