Mradi wa Maji Haukamiliki Siku ya Uzinduzi

Mwaka 1971 Tanzania ilijiwekea lengo kubwa: ndani ya miaka 20, kila mwananchi wa kijijini awe anapata maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Tangu mwaka 1965 Serikali ilikuwa imeshabeba gharama zote za kujenga miradi ya vijijini. Wafadhili nao waliitikia wito, wakagawana mikoa: Finland ikaenda Mtwara na Lindi, Uholanzi ikaanzia Shinyanga kisha Morogoro, Denmark ikachukua Iringa, Mbeya na Ruvuma, na Sweden ikashika mikoa ya Ziwa Victoria. Visima vikachimbwa, mabomba yakalazwa, matangi yakajengwa. Mwaka 1991 ulipofika, lengo lilikuwa bado mbali, na sehemu kubwa ya kilichojengwa ilikuwa haitoi maji tena.

Historia hii ingekuwa ya kale tu kama isingejirudia. Mwaka 2009 shirika la WaterAid lilitoa uchambuzi wa hali ya vituo vya maji vijijini Tanzania. Karibu nusu ya vituo vya umma vilikuwa havifanyi kazi, na miongoni mwa vilivyokuwa na umri wa miaka miwili tu, robo ilikuwa imeshakufa. Miaka kumi na zaidi baadaye, Waziri wa Maji Jumaa Aweso aliwazoesha Watanzania msemo wa "miradi kichefuchefu", yaani miradi iliyokula fedha bila kutoa maji, na wizara ikahesabu 177 ya namna hiyo. Waziri anapolazimika kubuni lugha ya kuieleza miradi ya wizara yake mwenyewe, ni wazi kwamba tatizo limevuka uzembe wa mkandarasi mmoja au wizi wa mhasibu mmoja. Limo katika namna tunavyopanga.

Swali linalopaswa kuulizwa kwa sauti, katika mashirika ya maji na usafi wa mazingira na serikalini pia, ni hili: mpango wa mradi uishie wapi? Kwa mazoea yetu unaishia siku utepe unapokatwa. Mimi nashikilia kwamba siku ile ndiyo kazi inapoanza, na mpango usiosema lolote kuhusu mwaka wa tano haustahili kupewa fedha.

Tazama jinsi andiko la mradi linavyozaliwa. Mfadhili anatangaza fedha za miaka miwili au mitatu. Shirika linaandika haraka ili lisipitwe na tarehe ya mwisho. Mwaka wa kwanza unakwisha katika utafiti wa chanzo, usanifu na zabuni. Mwaka wa pili mkandarasi anachimba, anasubiri malipo, anarudi, mvua inamkatisha. Maji yanatoka miezi michache kabla ya mradi kufungwa, na hapo ndipo kamati ya maji inapoitwa kwenye mafunzo ya siku mbili, inapewa daftari la mapato, boksi la spana na cheti. Wiki inayofuata ofisi ya mradi inafungwa na gari linarudishwa mjini. Kila aliyehusika ametimiza alichoahidi kwenye andiko. Kilichokosekana ni ahadi yenyewe: hakuna mahali palipoandikwa kwamba maji yataendelea kutoka.

Hata hesabu ya wanufaika ina kasoro. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha chini cha huduma kijijini: lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kisizidi mita 400, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Ni kiwango kizuri kwa msanifu wa mabomba. Lakini katika taarifa nyingi kimegeuzwa kuwa njia ya kuhesabu watu. Vilula 40, yaani vituo vya kuchotea maji, vikijengwa, taarifa inasema watu 10,000 wamepata maji, kwa sababu 40 mara 250 ni 10,000. Hakuna aliyekwenda kuona ni wangapi wanachota, wanapanga foleni kwa saa ngapi, au kilula cha mwisho wa bomba kinapata maji siku ngapi kwa wiki. Takwimu ya namna hiyo inapima kokoto na saruji. Ndoo iliyojaa haimo.

Fedha za uendeshaji nazo hupangwa kwa matumaini. Tuchukulie kijiji cha watu 2,000. Kwa lita 25 kila mmoja, ni lita 50,000 kwa siku, sawa na ndoo 2,500 za lita 20. Ndoo ikiuzwa shilingi 50, mapato ni shilingi 125,000 kwa siku, zaidi ya milioni 45 kwa mwaka. Kwenye karatasi mradi unajilipia. Sasa ongeza mambo ambayo kila mama wa kijijini anayajua. Masika yakiingia watu wanakinga maji ya bati na kurudi mtoni, na kilula kinabaki bila foleni kwa miezi kadhaa. Familia yenye dhiki inanunua ndoo mbili za kunywa na kupikia, nguo zinafuliwa bondeni. Wapo wasiolipa kwa sababu ni ndugu wa mwenyekiti. Mapato yakishuka hadi theluthi, dizeli bado inanunuliwa kwa bei ileile, na pampu ikiungua kamati haina akiba hata ya kumwita fundi. Mpangaji aliyeandika milioni 45 hakudanganya. Alihesabu kiwango cha sera akasahau kalenda ya mvua.

Zipo hoja mbili nzito dhidi ya msimamo wangu, na zote mbili zinastahili kujibiwa kwa heshima.

Ya kwanza inasema: jengeni kwanza. Kijiji ambacho hakijawahi kuwa na bomba hakiwezi kuambiwa kisubiri mpaka mashirika yakamilishe mijadala ya matengenezo. Mama anayeamka alfajiri kufuata maji ya lambo pamoja na ng'ombe ana haki ya kupata kisima mwaka huu. Hoja hii ina uzito wa utu na ndiyo iliyosimamisha kaulimbiu ya Serikali ya "kumtua mama ndoo kichwani". Lakini ikifuatwa peke yake inamrudishia ndoo yule yule mama. Iwapo robo ya vituo hufa ndani ya miaka miwili, basi fedha ya kila vituo vinne imenunua vitatu, na kijiji kilichopoteza cha nne kinarudi kwenye foleni ya wanaosubiri, tena kikiwa kimepoteza imani. Kuwachangisha watu kwa mara ya pili ni kazi ngumu kuliko mara ya kwanza. Anayewahurumia wasio na maji ana sababu kubwa zaidi ya kudai matengenezo.

Hoja ya pili ni ya haki. Mkazi wa Dar es Salaam au Mwanza bomba likipasuka anaipigia simu mamlaka ya maji. Hakuna anayemwambia ajifunze kufungua pampu au aunde kamati. Kwa nini mkulima wa kijijini Kishapu, mwenye kipato kidogo zaidi, atakiwe kuwa fundi, mhasibu na mlinzi wa mradi bila mshahara? Hapa nakubali bila kusita. Sera ya 2002 iliwakabidhi wanakijiji umiliki na gharama zote za uendeshaji, na wapangaji wengi wakalichukua neno "ushirikishwaji" kuwa ruhusa ya kuondoka. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 ilianza kurekebisha hilo. Iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, na vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii vinavyoweza kuunganisha vijiji kadhaa ili viajiri fundi na mhasibu wanaolipwa. Huo ni mwelekeo sahihi, kwa kuwa kijiji kimoja hakiwezi kumlipa fundi mwaka mzima lakini vijiji vinane vinaweza.

Jirani zetu wametoa ushahidi kwamba jambo hili linapangika. Katika eneo la Kyuso, kaunti ya Kitui nchini Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga kwenye pampu za mkono vifaa vinavyotuma taarifa za matumizi kwa mtandao wa simu, kisha wakaweka timu ya mafundi wa kuitikia. Muda wa pampu kukaa mbovu ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku 3. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa huduma ya FundiFix, inayohudumia Kitui na Kwale kwa mikataba ya matengenezo. Kifaa kilisaidia, lakini siri haikuwa kifaa. Kulikuwa na mtu mwenye jina, mwenye pikipiki na vipuri, ambaye kazi yake ni pampu isikae imekufa.

Linganisha na zile pampu za miaka ya zamani. Finland ilileta NIRA, Uholanzi ikaleta SWN, na kila moja ilikuwa imara. Vipuri vilikaa kwenye stoo za miradi. Miradi ilipofungwa, na stoo zikafungwa, hakukuwa na duka wilayani lililozoea kuviuza. Mpango ulinunua pampu ukasahau soko la vipuri vyake.

Kenya inatufundisha pia kuhusu haraka ya kutangaza. Septemba 2013 ilitangazwa kwamba hifadhi kubwa za maji zimegunduliwa chini ya ardhi ya Turkana, na dunia nzima ikashangilia. Baadaye uchimbaji wa majaribio katika bonde la Lotikipi ulionyesha maji yenye chumvi nyingi. Kwetu, mikoa ya Arusha, Manyara na Singida ina maeneo ambayo floraidi huvuka miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na meno ya watoto yanaonyesha athari yake. Kupima ubora wa maji kabla ya kununua bomba hata moja ni hatua ya mpango, na fedha zake zitengwe mwanzoni hata kama kisima kitaishia kufukiwa.

Usafi wa mazingira ndio unaoumia zaidi, maana katika maandiko mengi huwekwa mkiani: vyoo vya shule mbili, siku ya kunawa mikono, fulana. Ilhali nchi hii imewahi kupanga vizuri kuliko hivyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliandaa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, ikakusanya karibu watu milioni mbili kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kuamua wenyewe wafanye nini kuhusu malaria, kuhara na minyoo. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Gharama kubwa ilikwenda kwenye kuwaandaa watu, na majembe yalikuwa yao wenyewe.

Mijini swali limebadilika. Kuchimba choo hakutoshi, kwa sababu choo hujaa. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam haijaunganishwa na mfumo wa majitaka, na gari la kunyonya haliingii kwenye vichochoro vya maeneo yasiyopimwa. Mvua zikinyesha, baadhi ya kaya hutapisha vyoo, yaani hufungulia uchafu uende na maji mtaani. Kipindupindu kilichoanzia Kinondoni Agosti 2015 kilisambaa karibu nchi nzima. Hata hivyo bado tunapanga maji na majitaka kama mambo mawili yasiyojuana, wakati kila lita inayoingia nyumbani kwa bomba lazima itoke mahali fulani.

Mwanga upo. Mpango wa maji vijijini uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2018, wa dola milioni 350 kwa kuanzia, ulipangwa kutoa fedha kulingana na matokeo yaliyohakikiwa, na kuendelea kutoka kwa maji kukawa mojawapo ya matokeo hayo. Mfuko wa Taifa wa Maji nao unapata tozo ya shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Hapo ndipo pa kuanzia: sehemu ya tozo hiyo itengwe kisheria kwa matengenezo makubwa, kwa kuwa hakuna kijiji kitakachonunua pampu mpya ya kisima kirefu kwa mauzo ya ndoo.

Kwa mashirika, wakurugenzi na wafadhili, rai yangu ni kwamba andiko lolote lisisainiwe bila kujibu mambo manne: nani atalipwa kutengeneza mradi huu mwaka wa tano, vipuri vinauzwa duka gani, mapato ya mwezi wa masika ni kiasi gani, na majitaka yanakwenda wapi. Na angalau sehemu moja kati ya kumi ya bajeti ibaki kwenye akaunti hadi miaka mitatu baada ya makabidhiano, ilipwe maji yakiwa bado yanatoka.

Kwako msomaji uishiye kijijini, sheria inakupa mkutano mkuu wa kijiji. Mradi ukiletwa kwenu, kabla ya kupiga makofi simama uulize hayo manne, na udai mapato na matumizi ya chombo cha maji yasomwe hadharani kila robo mwaka. Mtaalamu aliyejiandaa atakujibu. Asiyejiandaa afadhali arudi ofisini akapange upya, maana saruji ikishamwagwa gharama ya kosa lake mtailipa ninyi.