Kisanduku kidogo, maoni madogo

Leo sina stori ya bumu wala ya UE. Nina hoja moja tu, na inawahusu hasa wana-elimu wenzangu ambao akili zetu zote ziko kwenye BTP.

Kila aliyewahi kushika chaki anajua andalio la somo linaishaje. Chini kabisa kuna sehemu ya maoni. Na mle kwenye maoni tunajua huwa panaandikwa nini: "Somo limeeleweka." Basi. Kesho tena limeeleweka, keshokutwa limeeleweka, mtihani ukija ndio tunaulizana kulikoni.

Sasa kuna wenzetu wataalamu wa InDesign wanaotengeneza skripti za maandalio. Unaiendesha, linafunguka dirisha, unajaza darasa, mada na hatua za somo, kisha skripti inapanga ukurasa yenyewe, wewe kazi yako kuprinti tu. Wazo zuri sana, nawapa tano. Ila hiyo niliyoiona mimi, kisanduku cha maoni ni cha mstari mmoja! Ukianza sentensi ya pili, ya kwanza inapotelea kushoto. Huioni, na usichokiona utakirekebishaje? Mtu anachoka, anafuta, anaandika "Somo limeeleweka."

Ndio maana nasema kisanduku si pambo. Kinamwambia mtu aseme kiasi gani.

Chukueni mfano wa huku kwetu Bariadi. Mtoto anaandika "balua" badala ya "barua". Mwalimu mwenye mstari mmoja ataandika "tahajia ni dhaifu". Lakini anayejua Kisukuma anajua kwamba lugha hiyo haina sauti ya r, kwa hiyo mtoto kaandika anavyosikia na anavyotamka nyumbani. Dawa yake si fimbo, ni mazoezi ya jozi za maneno: kula na kura, mahali na mahari. Kueleza hayo, na kutaja ni wanafunzi gani na zoezi gani liliwasaidia, ni aya nzima. Ongeza msimu wa kuvuna pamba, pale madawati ya nyuma yanapobaki wazi, nayo ni aya nyingine. Mwalimu atakayelipokea darasa hilo mwakani anazihitaji aya hizo kuliko anavyohitaji "limeeleweka" mia moja.

Halafu tusisahau Kiswahili chenyewe. "Hawakuyaelewa" ni neno moja, lakini limebeba sentensi nzima. Maneno yetu ni marefu, hivyo kwenye kisanduku chembamba matatu tu yanajaza mstari.

Na kurekebisha si kazi ya kutoa jasho. Madirisha ya skripti za InDesign hutengenezwa kwa ScriptUI. Kisanduku chake kinaitwa edittext. Ukikiongezea multiline na kukipa upana na kimo cha kutosha, kinakubali mistari mingi, na maandishi yakizidi unayasogeza juu na chini kwa upau wa pembeni. Ongeza wantReturn ili Enter ishushe mstari, maana bila hiyo dirisha linaweza kujifunga kabla hujamaliza. Na tafadhali, msionyeshe andalio zima kwa alert! Maandishi yakiwa marefu dirisha linarefuka nayo, mpaka kitufe cha OK kinazama chini ya skrini ya hivi vilaptopu vyetu. Tumieni dirisha lenye kimo maalumu na kisanduku cha kusogeza ndani yake. Anayetaka kujifunza, Peter Kahrel ameandika mwongozo unaitwa ScriptUI for Dummies, unapatikana bure. Wenzetu wa kurasa za wavuti wana kisanduku cha namna hii tangu HTML 2.0 ya mwaka 1995, sisi tunasubiri nini?

Upande wa karatasi nao uangaliwe. Hakuna faida ya kumruhusu mtu aandike aya tatu halafu fremu ya ukurasani ikameza mbili, ikabaki ile alama nyekundu ya kujumlisha pembeni. Tangu InDesign CS6 ya mwaka 2012, fremu inaweza kuwekwa irefuke yenyewe kufuata maandishi. Iwekeni hivyo.

Najua kuna watakaosema mwalimu mwenye darasa limefurika hana muda wa kuandika insha kila kipindi. Kweli kabisa, na sitaki alazimishwe. Asiye na la kusema aandike mstari wake mmoja akapumzike. Lakini kisanduku kikubwa hakimzuii mwenye machache, wakati kidogo kinamzuia mwenye mengi. Na mara nyingi mwenye mengi ndiye aliyewatazama watoto vizuri siku ile.

Kwa hiyo ombi langu kwa mafundi wetu: kabla ya BTP ijayo, fungueni hizo skripti mpanue kisanduku cha maoni. Na sisi watumiaji, kikishapanuliwa, tusije tukakijaza tena "Somo limeeleweka"!

Nawasilisha. Mwenye hoja tofauti aje tubishane, ila asije na mstari mmoja.